Kadi Yatima

...na miwani bado haijarudi usoni, kwa hiyo muda upo, mdogo, wa kumeza mate mara mbili tatu, maana katika ofisi hii ya kamusi kila mtu anajua, kuanzia mfagizi mpaka mhariri, kwamba Mwenyekiti akishauliza "kuna mwenye neno?" huvua miwani yake, akaipulizia pumzi, akaifuta kwa ncha ya tai, kioo cha kulia kwanza, cha kushoto baadaye, taratibu, kama mtu anayepangusa yai, na muda wote huo mlango uko wazi, sema, pinga, piga meza ukitaka, lakini miwani ikishakaa puani atatamka "nukta" na hapo limekwisha, neno halifunguliwi tena mpaka toleo lijalo, na toleo lijalo ni miaka kumi na miwili, ndiyo maana wakambatiza Nukta, nyuma ya mgongo wake lakini, mbele yake ni shikamoo Mwenyekiti... miaka kumi na miwili, yeye, mhariri wa upande huu wa meza, atakuwa keshastaafu, anafuga kuku na kulalamikia magoti, na watoto wa shule watakuwa wanafungua ukurasa na kusoma kile kile kilichoandikwa kwenye karatasi iliyo mbele yake sasa hivi, neno la hamsini na saba kwa leo, -a kidunia, na maana yake fupi kama ngumi: isiyo takatifu, ya anasa, ovu. Basi. Hakuna kingine. Eti ovu. Dunia nzima, na masoko yake na hospitali zake na watu wanaodamka kuwahi kibarua, imetiwa kwenye gunia moja ikafungwa kamba na kuandikwa ovu, na yeye, mwanamke mzima wa miaka hamsini na mbili, amekaa mkono chini ya meza, kidole gumba kimebonyeza kadi, kadi imelala kifudifudi pajani, wala hahitaji kuigeuza kujua kwamba mahali palipoandikwa "Msemaji" pako tupu.

Tupu, na tupu humu ndani ni hukumu, kwa sababu kadi za ofisi hii si za mwaliko wala za pole, ni vipande vya karatasi ngumu, ukubwa wa kiganja, na hakuna maana inayoingia kwenye kamusi isipotanguliwa na kadi tatu, na kila kadi lazima iwe na sentensi iliyotoka kinywani mwa mtu kweli, si ya kutunga, na chini yake aliyesema, mahali, na siku, na ile isiyo na msemaji huitwa yatima, na yatima wa humu hana mjomba wala shangazi, anakwenda kapuni moja kwa moja, na yeye mwenyewe ndiye aliyewatupa wengi kuliko wote, bila huruma, miaka kumi na tisa ya kuokota maneno ya watu, saluni, benki, kwenye foleni ya maji, msibani hata, mpaka wakamwita Bi Kadi, na majirani wakimwona tu anaingiza mkono kwenye mkoba huambiana "nyamazeni, mtanukuliwa"... kioo cha kulia bado, Nukta ameona doa, heri doa, doa libarikiwe, na upande wa pili wa meza Askofu anakohoa kile kikohozi chake cha ushindi, si askofu wa kweli, ni mhariri tu kama yeye, ila ana sauti ya kubariki, hata akiomba sukari unahisi umesamehewa dhambi, na ndiye aliyeiandika hiyo ovu, kwa mkono wake, kwa wino wa bluu, akiwa na kadi kumi na moja nyuma yake, "kumi na moja, Bi Kadi, na zote zinasema kitu kimoja," alisema kwenye kikao cha wiki iliyopita akazipanga mezani kama karata, nyimbo za kidunia ni chambo cha shetani, mavazi ya kidunia hayaingii humu, acha mambo ya kidunia mwanangu utapotea, na yeye akamjibu, "Zote umezitoa benchi moja la mbele la nyumba moja ya ibada," na Askofu akanyoosha mikono, "Neno linakaa hapo, sasa ulitaka nilifuate wapi, baharini?" na watu wakacheka, hata yeye alicheka, ndilo tatizo la Askofu, huwezi kumchukia, msiba ulipomfika Bi Kadi, Askofu ndiye aliyebeba viti kutoka ukumbini mpaka nyumbani kwao, juani, bila kuombwa.

Naye alikuwa na kadi zake, mbili, na nzuri, mbili za watu wenye akili zao, mwalimu aliyesema "asubuhi mimi nawapa elimu ya kidunia, jioni mwenzangu anawapa ya dini, na wote wawili tunagombania chaki moja," ona hapo, hakuna ovu, kuna chaki, na fundi bomba aliyetoa kichwa chini ya sinki akasema "mimi fundi wa mambo ya kidunia, mama, bomba likiziba haliulizi imani yako," na hiyo aliipenda mpaka akamwongezea chai... lakini Askofu akatikisa kichwa kwa upole, "Mwalimu na fundi, sawa, sikatai, ila hao wanasema wakiwa upande wa huko, na kila mwamba ngozi huvutia kwake, wewe nitafutie mtu wa ibada, mmoja tu, aliyelala na kuamka na ibada, aliyelitaja neno hili kwa wema bila kukunja uso, nami nitaikata fasili yangu kwa mkono wangu," na Nukta akasema "akipatikana mmoja, tunaibadilisha, katibu, iandikwe," ikaandikwa, na yeye akatoka hapo akihema kama mtu aliyepewa hirizi, mmoja tu, mbona rahisi, kumbe! Wiki nzima amekaa milangoni mwa nyumba za ibada kama mwombaji, amewasaidia bibi za watu kushuka ngazi, amebeba vitabu vya nyimbo, "mama, hebu niambie, neno kidunia kwako lina maana gani?" na kila mmoja alikunja uso kabla hata hajafungua kinywa, na wale wa upande mwingine, wacheza muziki, wauza kanda, vijana wa spika kubwa, hao hata neno lenyewe hawalitumii, na hapo ndipo alipong'amua, siku ya nne, amekaa kwenye kibaraza viatu amevua, kwamba anayeishi duniani hauiti wimbo wake wa kidunia, anauita wimbo tu, ni aliye ndani ya ua ndiye anayehitaji jina la kilicho nje ya ua, kwa hiyo anachokitafuta ni mtu aliye ndani ya ua, amesimama imara, wala hatoki, na anautazama ule upande wa pili na kutabasamu, na mtu wa namna hiyo anamjua, anamjua vizuri sana, sentensi yake iko nyumbani, kwenye sanduku la viatu, miezi kumi na moja sasa, chini ya kadi nyingine zote, kifudifudi.

Leo asubuhi ameitoa bila kuitazama. Ameishika kama unavyoshika mkono wa mtoto barabarani, huutazami, unajua tu upo... na chumvi, mbona anasikia chumvi mdomoni, chumvi ya miaka arobaini na moja iliyopita, alikuwa na miaka kumi na mmoja, anaosha vyombo kwenye karai uani, povu mpaka kwenye viwiko, baba amekwisha kufa miaka miwili, randa zake na misumeno imefungwa kwenye gunia chini ya kitanda, na wimbo ukamtoka tu, hakuuita, ulikuja na mwendo wa mikono, ule baba aliouimba akipiga randa mbao, "randa, randa, mbele na nyuma, kuna mtu nyumbani ananukia sabuni," na mama akatokea mlangoni na gauni jeupe la kwaya, mama aliyeongoza kwaya miaka thelathini na mmoja, mama wa kidole kimoja, maana hakuhitaji fimbo wala mikono miwili kama viongozi wengine, kidole cha shahada tu, akikiinua watu arobaini wanavuta pumzi, akikishusha wanatoa, na kidole hicho kikamwonyesha yeye na karai lake, "Nyimbo gani hizo?" "Za baba." "Hizo ni za kidunia. Osha kinywa," akamletea kikombe cha maji ya chumvi, naye akasukutua, akatema, akasukutua, na chumvi ikachanganyika na machozi hata hakujua ipi ni ipi, na toka siku ile nyumba ikawa na nyimbo za aina moja, nzuri, asidanganye mtu, nzuri za kukuinua nywele, lakini za aina moja... asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, ndivyo wasemavyo, yeye alifunzwa na wote wawili, na walimu hao hawakuwahi kusalimiana mbele yake mpaka siku ile ya wodini. Hakuwa mkatili, mama, hilo nalo liandikwe, alikuwa mjane wa miaka thelathini na mitano mwenye watoto wawili na kwaya ya watu arobaini, na mtu akisimama kwenye uzio mwembamba hachezi ngoma. Na kazi hii ya kadi aliichekea mpaka uzee, "umekuja kuniona au umekuja kuniandika?" akimwona na mkoba tu, "kuku wewe, unadonoa hata kisichomwagwa," halafu anasema methali moja tamu, makusudi, na kumtazama kwa pembe ya jicho aone kama ameinasa.

"Mwenyekiti, dirisha lifungwe? Karatasi zinaruka," hiyo ni sauti ya katibu, na Nukta anasema "liache, joto," anageuza miwani, kioo cha kulia kimekwisha, Mungu wangu, kimekwisha, anaanza cha kushoto, anakipulizia... haa... na wodi nayo ilikuwa na joto, saa tisa alasiri, muda wa kutazama wagonjwa, kitanda cha dirishani, mama amekuwa mdogo, amekuwa wa kubebeka, wanakwaya wamekuja wameimba wameondoka, na harufu ya dawa ya sakafu, na kitanda cha jirani mwanamke aliyevunjika mguu anakula chungwa, na mama akafumbua macho akasema wazi kabisa, kwa sauti ya mtu anayeagiza chumvi dukani, "Niimbie." "Nikuimbie upi mama, ule wa jioni?" "Ah. Hizo wameshaniimbia tangu asubuhi. Niimbie ule wa kidunia, ule mzuri wa baba yako." Ule mzuri! Akadhani hakusikia vizuri, mwanamke mzima akashika kinywa chake kwa mkono, kama kwamba kikombe cha chumvi kitatokea chini ya kitanda, na mama akasema "imba basi, aibu ya nini," akaimba, kwa kunong'ona kwanza, randa, randa, mbele na nyuma, na kidole kikainuka juu ya shuka, kidole kile kile, kikamwongoza, kikamwambia pole pole, kikamwambia hapo vuta, mwenye mguu uliovunjika akaacha chungwa na kugonga chuma cha kitanda, muuguzi akasimamisha kigari cha dawa katikati ya njia akasahau kukisukuma, na alipofika kwenye sabuni mama akacheka, kicheko kidogo cha kifuani, "Unajua alikuwa anamwimba nani?" "Nani, mama?" "Mimi. Nani mwingine alikuwa anafua mle ndani?" Miaka yote hiyo! Miaka yote hiyo ya chumvi, kumbe wimbo wa kidunia ulikuwa ni yeye, na mikono yake, na povu lake, alikuwa amejifungia nje ya wimbo wake mwenyewe na sasa amerudi kubisha hodi... na hapo ndipo alipofanya alilolifanya, na ndilo lililomkaa kooni miezi kumi na moja kama mwiba wa samaki: aliinuka. Alichukua mkoba, akatoka, akasimama kwenye ukuta wa njia ya wodi, akatoa kadi na kalamu, akaandika. Mama yake anakufa na yeye anaandika kadi. Dakika mbili, tatu ukizidisha. Akaandika alichosikia, akaandika wodi, akaandika siku, na alipofika kwenye msemaji mkono ukagoma, kwa sababu mtoto gani, mtoto gani huyo, na aliporudi mama alikuwa amefumba macho, na hakusema tena neno, siku tatu, mpaka akaondoka, na kaka yake akamuuliza msibani, si kwa ubaya, "Ulikuwa wapi alipolala?" "Nje." "Unafanya nini?" "Napumua," akamwambia, na kaka akamshika bega, naye akauacha uongo huo umshike bega. Kitu cha mwisho mama alichokiona kwake ni mgongo. Sasa uandike nini hapo? Msemaji: mama niliyempa mgongo? Ndiyo maana yatima. Ndiyo maana sanduku la viatu. Na Askofu anapanga kadi zake kumi na moja ziwe sawasawa, tap tap tap juu ya meza, na Nukta anainua miwani kwenye mwanga, kioo cha kushoto kina ukungu bado, anapulizia tena, na katibu amekaa kalamu juu, anamsubiri Mwenyekiti, anamkodolea macho, na Nukta ambaye bila miwani haoni ila vivuli anageukia kivuli cha katibu na kusema kwa uchovu wa saa tano asubuhi, "Hebu weka hata saa hapo juu kwenye kumbukumbu. Andika basi, unanitazama nini."

Andika basi, unanitazama nini. Nani amesema? Nukta amesema, sasa hivi, kwa katibu, kuhusu saa... hapana, si yeye wa kwanza, maneno hayo yamewahi kusemwa, kwa mpangilio huo huo, na uchovu huo huo wenye kicheko ndani yake, na harufu ya chungwa... chungwa! Mama amemaliza kucheka, kidole kimelala juu ya shuka, na yeye amekaa pale pembeni ya kitanda kama aliyepigwa na bumbuwazi, mkono mmoja umeshaingia kwenye mkoba wenyewe, kwa mazoea, kama mkono wa mvutaji unavyoitafuta sigara, akaona haya, akautoa, akamtazama mama, na mama akamwona, aliona kila kitu yule mwanamke, alikuwa anasikia sauti moja iliyopotoka kati ya arobaini, atashindwa kuuona mkono mkobani? akausukuma mkoba kwa kile kidole, ukasogea juu ya shuka, inchi mbili, akasema... subiri, Bi Kadi, subiri, usijitungie, wewe ndiye unayetupa sentensi za kutunga, wewe ndiye unayewaambia vijana wapya kwamba majonzi ni shahidi mwongo, huwezi kujitungia msamaha kwenye kikao cha hadhara kwa sababu tu unautaka... basi geuza kadi. Geuza. Miezi kumi na moja hujaisoma, na kanuni unaijua, umewafundisha watu kanuni hiyo mpaka wameichukia, andika kila kilichotoka kinywani, kwa mpangilio wake, usichague... na anageuza, chini ya meza, kwenye paja, na mwandiko ni wake, umepinda kwa kuandikia ukutani, "Niimbie ule wa kidunia, ule mzuri wa baba yako," na chini yake, mstari wa pili, upo, upo kweli, wino umeingia mpaka ndani ya karatasi, "Andika basi, unanitazama nini, utasahau wewe." Alitumwa! Hakutoroka, alitumwa, kama alivyotumwa chumvi, kama alivyotumwa kiberiti kwa jirani, kimbia urudi, na mama hakutazama mgongo wa mtoto aliyemkimbia, alitazama mgongo wa mtoto anayekwenda kazini, na akafumba macho akiwa ametulia kwamba kazi inafanyika, eeh mama wewe, mama wee, neno lako la mwisho halikuwa dua wala kilio, lilikuwa agizo, ulikuwa unaongoza mpaka dakika ile, na mimi msiba wangu umechagua dakika mbili za ukuta ukatupa sentensi nzima, umeshindwa kanuni ya kwanza kabisa ya nyumba hii.

Anataka kucheka, kicheko kimekuja mpaka kwenye meno, anakificha kwa kukohoa na Askofu anamtazama kwa wasiwasi wa kirafiki, "maji?" anamuuliza kwa midomo tu, si maji, ndugu yangu, ngoja, maji utayahitaji wewe, na kalamu iko wapi, hii hapa, inakwaruza, haitoi, leo ndiyo unagoma, anaikoroga kwenye karatasi ya Askofu yenyewe, juu ya ile ovu hasa, inatoa, anaandika, Msemaji: Mama yangu, na mkono haugomi, kiongozi wa kwaya kwa miaka thelathini na mmoja, na hapo inamjia, na raha yake inapanda kutoka miguuni kama maji ya moto, kwamba Askofu alikuwa mstari wa tatu! Mstari wa tatu, sauti nzito, miaka tisa ameimba chini ya kidole kile, mara ngapi alisimulia kwenye chai jinsi alivyochelewa kuingia kwenye ubeti na kidole kikamnyooka katikati ya watu mia tatu mpaka akatamani sakafu ipasuke, "yule mama, Bi Kadi, hakukosea maisha yake yote," kasema mwenyewe, hapa, kwenye meza hii, sasa atakataa nini, atasema hakuwa mtu wa ibada? Atasema alikunja uso? Muuguzi alikuwepo na kigari chake, mwenye mguu alikuwepo na chungwa lake, mahali papo, siku ipo, hii si yatima tena, hii ina ukoo kuliko kadi zote kumi na moja. Watasema ni upendeleo, mtu kumleta mama yake kwenye kamusi, lakini wapi imeandikwa kwamba mama za watu hawasemi, sisi sote maneno tumeyatoa wapi kama si huko? Na wanakwaya wakifungua ukurasa wakamwona kiongozi wao pale na wimbo wa seremala? Wanune, walimwengu hawakosi la kusema, na watakaponyamaza wataimba, kwa sababu ule wimbo ni mzuri, mama kasema, na mama hakukosea maisha yake yote. Hakuhama, hilo ndilo atakalowaambia, mama hakutoka uani siku ile, alifungua dirisha tu akaona kwamba sabuni iliyokuwa huko nje ni sabuni yake, na hiyo ndiyo maana, haina haja ya kutafutwa mbali, iandikwe ya kwanza, juu ya zote, yenye kuhusu maisha ya watu hapa duniani, isiyo ya ibada, na ya Askofu ibaki ya pili, haimuumi tena, kuna wanaolisema hivyo na nao ni watu na kadi zao ni halali, hata mama alilisema hivyo siku ya karai, chumvi nayo ilikuwa kweli, ila si ya mwisho, si ya mwisho kabisa... na chini ya meza mguu umeshaanza wenyewe, kisigino na kidole, mbele na nyuma, na mdomoni anatafuta ile ladha ya chumvi haipo, na watoto hao wa miaka kumi na miwili ijayo, mmoja wao atakuwa anaosha vyombo mahali, na wimbo utamtoka, na mtu atamwambia ni wa kidunia, naye atakwenda kabatini afungue kamusi, amtolee ukurasa... na Nukta anaitazama miwani kwenye mwanga, safi sasa, vioo vyote viwili vinang'aa, anaanza kuishusha, bado haijafika usoni, dirisha liko wazi, karatasi zinarukaruka, Askofu amekaa amefumba macho kama anasubiri amina, katibu na kalamu yake, na mkono wa Bi Kadi umeshapanda, juu kabisa, bila yeye kuuamuru, na kwenye mkono huo kidole kimoja kimenyooka, na Askofu anafumbua macho, anakiona, na kabla hajajijua amevuta pumzi.